Mwongozo kamili wa kumtumia meneja wa mpito unapovusha biashara yako kutoka Nairobi

Wenye biashara kadhaa hapa Nairobi wamenisimulia hadithi zinazofanana kama mapacha. Kampuni inafanya vizuri nyumbani. Mwenyewe anaamua kuingia Dar es Salaam, Kampala au Kigali. Anapewa ushauri mzuri, kwamba amtafute mtu aliyekomaa, aliyewahi kuendesha kampuni kubwa, amchukue kwa miezi michache afungue njia. Anampata. Miezi minne baadaye pesa zimekwisha, mzee wa watu ameondoka na hasira, na ofisi ya kule imebaki na meza tatu, kijana mmoja na mzigo uliokwama.

Ushauri haukuwa na kosa, na mara nyingi hata mzee hakuwa na kosa. Alichukuliwa kama mwajiriwa wa kawaida, akapewa cheo na gari, akaambiwa "tuanze tuone." Hakuna aliyeandika atakachokiacha siku atakapoondoka. Meneja wa mpito huletwa ili aondoke. Kwa hiyo kazi hii hupangwa kuanzia siku ya mwisho kurudi nyuma, na mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kiwanda cha wastani cha sabuni na mafuta ya kujipaka, Barabara ya Lunga Lunga, Eneo la Viwanda, kinachotaka kuuza Dar es Salaam. Ukienda kwingine majina ya ofisi yatabadilika, lakini hatua ni zile zile.

## Usimchanganye na watu wengine wawili

Mshauri hukuandikia ripoti akaenda zake. Mwajiriwa hujenga maisha yake kwako na hutazamia kupandishwa cheo. Meneja wa mpito hushika usukani, hutia saini, huajiri, hufuta, kisha hukabidhi. Ukimlipa kama meneja huku ukimpa mamlaka ya mshauri, umenunua ripoti ya bei ghali sana.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kupiga simu yoyote

- Azimio la bodi linalosema nchi gani, bidhaa zipi, pesa kiasi gani na hadi lini. Kama kampuni ni ya familia, wote wenye hisa watie saini. Ndugu asiyehusishwa leo ndiye atakayezuia malipo mwezi wa tano.
- Hesabu za miaka 3 zilizokaguliwa. Mtu wa maana atazitaka kabla hajakubali kazi. Asiyeziuliza, mwogope.
- Pesa za miezi 9, zikiwa kwenye akaunti ya peke yake. Usitegemee mauzo ya kule kulipia kazi ya kule katika kipindi hiki.
- Bidhaa 3 hadi 5 tu za kuanzia. Kila bidhaa ina usajili wake, lebo yake na safari yake mpakani.
- Wakili na mhasibu wa nchi unayoenda. Wa Nairobi hatoshi, hata akiwa hodari kiasi gani.
- Karatasi za nyumbani: usajili wa kampuni, cheti cha KRA cha kutodaiwa ushuru, alama ya ubora ya KEBS, na utaratibu wa kupata cheti cha asili cha Afrika Mashariki, ambacho ndicho kinachoipa bidhaa yako haki ya kuingia bila ushuru wa forodha.
- Mtu mmoja Nairobi atakayepokea simu za meneja na kumjibu siku hiyo hiyo. Mtu mmoja, si kundi la WhatsApp.

Ukikosa viwili kati ya hivi, ahirisha. Meneja atakula siku zake za kulipwa akikusubiri, na saa yake ni ghali.

## Hatua ya 1: Andika hati ya makabidhiano kabla ya tangazo la kazi

Chukua karatasi moja. Juu yake andika tarehe, miezi 6 hadi 9 kutoka leo. Chini yake andika kila kitu ambacho lazima kiwepo siku hiyo, kwa maneno ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua bila kukuuliza.

Kwa kiwanda chetu cha sabuni, karatasi ingesomeka hivi: kampuni imesajiliwa BRELA (msajili wa kampuni wa Tanzania) na ina TIN (namba ya mlipa kodi) ya TRA (mamlaka ya mapato), bidhaa 4 zimesajiliwa TBS (shirika la viwango), wasambazaji 3 raia wa Tanzania wametia saini mikataba na kila mmoja ameagiza mzigo angalau mara tatu, naibu mwenyeji ameajiriwa na ameendesha kazi peke yake kwa mwezi mzima, vitabu vya hesabu vimefungwa hadi mwezi uliotangulia.

Maneno kama "kukuza soko" au "kujenga jina" usiyaweke hapo. Hayakaguliki, na yasiyokaguliwa hayana siku ya kwisha. Mkataba wa namna hiyo huongezwa mwezi hadi mwezi, na baada ya mwaka una mwajiriwa ambaye hukupanga kumwajiri.

Kipindi kifupi kuliko miezi 4 hakitoshi, kwa sababu vibali na usajili wa bidhaa peke yake vinaweza kumeza robo ya mwaka. Kikipita miezi 12, jiulize kama ulihitaji meneja wa kudumu tangu mwanzo.

Utajua hatua imekamilika ukimpa karatasi hiyo mhasibu wako na akaweza kukuambia, mstari kwa mstari, "ndiyo, hiki kimefanyika" au "bado."

## Hatua ya 2: Andika pia siku ya kusimama

Hii hurukwa na karibu kila mtu, na inauma kuiandika. Weka masharti ambayo yakitimia mnaacha: hasara ya kiasi fulani, usajili kukataliwa, au msambazaji wa kwanza kutopatikana kufikia mwezi wa tano.

Sisi Wakenya tunayo kumbukumbu ya kutosha. Oktoba 2015 duka kubwa la Uchumi lilifunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Kufunga nako kuna gharama: wafanyakazi, wauzaji bidhaa, kodi ya pango. Meneja wa mpito ana faida moja hapa ambayo mwajiriwa hana. Ajira yake haitegemei ofisi hiyo kuishi milele, kwa hiyo anaweza kukuambia ukweli. Mpe ruhusa hiyo kwa maandishi.

## Hatua ya 3: Mtafute mahali anapopatikana, kisha mpime

Usitangaze gazetini. Watu hawa hupatikana kwa kuulizia. Hapa nyumbani anzia Muungano wa Watengenezaji Bidhaa (KAM), muungano wa sekta binafsi (KEPSA) na Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara. Kule ulizia Shirikisho la Viwanda Tanzania (CTI), au kwa Kampala chama cha wenye viwanda cha Uganda. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lenye makao Arusha, linajua watu wa pande zote. Waulize pia wakaguzi wako wa hesabu. Wanajua ni nani aliyestaafu benki, kiwanda cha vinywaji au kampuni ya simu na bado ana nguvu.

Swali la kwanza ni kama umchukue Mkenya au mwenyeji. Msimamo wangu uko wazi: kwa soko la Tanzania, ukimpata Mtanzania aliyewahi kufanya kazi Nairobi, acha kutafuta. Hutahitaji kushughulikia vibali, na lugha anayo.

Niseme kidogo kuhusu lugha, kwa sababu Wakenya tunadhani tukiwa na Kiswahili tumemaliza. Meneja wa Nairobi akiingia dukani Kariakoo, soko kubwa la Dar, na kusema "nipe bei ya jumla," yeye anaona amezungumza vizuri. Mwenye duka amesikia amri. Kule mtu huanza na salamu, shikamoo kwa aliyemzidi umri, habari za nyumbani, kisha "naomba." Dakika tano hizo ni sehemu ya biashara yenyewe. Maneno nayo yana mitego. Tunachokiita ushuru hapa, kwa sehemu kubwa wao hukiita kodi, na neno ushuru kwao hukaa zaidi kwenye forodha na tozo za soko. Nimeona kifungu cha mkataba kikibishaniwa wiki mbili kwa sababu ya neno hilo moja.

Halafu kuna mali kauli. Mfanyabiashara wa Kariakoo huchukua mzigo leo kwa kauli tu na kulipa akishauza. Ukidai pesa taslimu kwa kila katoni, hutaingia. Ukimwaga mali kauli kwa kila anayetabasamu, hutatoka. Kinachohitajika ni mtu anayejua kauli ya nani ina uzito, na ujuzi huo hausomwi chuoni. Ndiyo sababu kubwa ya kumlipa mtu mwenye mvi.

Maswali manne ya kumpima:

1. "Tueleze kazi uliyoianzisha ukaikabidhi. Nani aliipokea, na leo ikoje?" Asiyejua kilichotokea baada yake hakukabidhi, aliondoka tu.
2. "Ni lini uliwaambia wenye kampuni waache?" Jibu la "sijawahi" linatia shaka.
3. "Utafanya nini wiki ya kwanza?" Anayeanza na ofisi na gari mpitishe mbali. Anayeanza na kutembelea wateja na wakili mkalishe.
4. "Una kazi gani nyingine sasa hivi?" Wengi wana mbili au tatu. Si dhambi, lakini zisiwe za mshindani wako, na siku zenu ziandikwe.

Piga simu kwa watu watatu waliofanya kazi chini yake, si juu yake tu. Mabosi husifu matokeo, wasaidizi hukumbuka tabia.

Tahadhari. Usimchukue mtu kwa sababu "anajuana na wakubwa." Sheria ya Kenya dhidi ya Hongo ya 2016 inaitaka kampuni binafsi iwe na taratibu za kuzuia hongo zinazolingana na ukubwa wake, na inakufuata hata kwa kosa lililotendeka nje ya nchi. Anachokifanya kwa niaba yako Dar kinaweza kukuamsha Nairobi.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya malipo mapema

Wengi hushtuka hapa kwa sababu wanalinganisha na mshahara wa mwezi. Meneja wa mpito hulipwa kwa siku. Katika kazi hii kuna kipimo cha kuanzia mazungumzo: ada ya siku moja ni karibu asilimia 1 ya mshahara wa mwaka wa nafasi hiyo. Inaonekana kubwa, lakini ndani yake hakuna likizo, hakuna pensheni, hakuna bima, na kuna miezi ambayo hatakuwa na kazi yoyote.

Tuseme nafasi hiyo ingelipwa shilingi 500,000 za Kenya kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka. Ada ya siku ni 60,000. Siku 3 kwa wiki kwa wiki 26 ni siku 78, yaani shilingi 4,680,000. Ongeza nauli, malazi na marupurupu ya safari, ambayo huyawekei asilimia bali kiwango cha juu cha kila mwezi.

Usilipe yote kwa siku. Zuia asilimia 15, ambayo hapa ni shilingi 702,000, hadi makabidhiano yakamilike na siku 30 zipite. Usimpe kamisheni ya mauzo. Kamisheni itamfanya asukume mzigo kwa yeyote, kwa mali kauli isiyolipika, na madeni yatakuja kuiva yeye akiwa ameshaondoka.

Kuhusu ushuru wa kuzuiliwa, unaokatwa kabla ya kumlipa mtu, viwango hutegemea anaishi wapi. Kampuni ya Kenya ikimlipa mshauri mkaazi wa Kenya hukata asilimia 5. Asiye mkaazi hukatwa asilimia 20, lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kazi ya ushauri hukatwa 15. Kampuni ya Tanzania hukata 5 kwa mkaazi na 15 kwa asiye mkaazi. Mkataba useme wazi kama ada ni kabla au baada ya makato. Kifungu hicho cha mstari mmoja kimevunja urafiki mwingi.

## Hatua ya 5: Hati ya mamlaka, mahali wengi wanapoangukia

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, iwe hii.

Nilikuwa upande wa meneja mara moja, katika kampuni ambayo sitaitaja. Mzigo ulifika Namanga Jumatano. Karatasi moja ilikuwa na kosa la uzito, na kuirekebisha kulihitaji saini ya mtu mwenye mamlaka pamoja na malipo madogo kuliko bei ya chakula cha mchana cha wageni wawili. Sikuwa na saini. Mwenye kampuni alikuwa harusini Nyeri, simu imezimwa. Mhasibu alisema hawezi kutoa kitu bila yeye. Lori lililala mpakani hadi Jumatatu, tukalipa gharama za kuchelewa, na msambazaji aliyekuwa akisubiri akanunua kwa mwingine. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alikuwa akisubiri ruhusa.

Hati ya mamlaka iwe na sehemu hizi:

Anachoweza kuamua peke yake. Weka kiwango cha pesa kwa malipo moja na kwa mwezi. Kwa kiwanda chetu, shilingi 300,000 za Kenya kwa mara moja na milioni 1 kwa mwezi ni mwanzo mzuri. Weka pia ni wafanyakazi gani anaweza kuwaajiri na kuwafuta.

Anachohitaji kuuliza, na jibu linapaswa kutoka ndani ya saa ngapi. Andika saa 24. Ongeza kwamba kimya baada ya saa 48 ni ruhusa, isipokuwa kwa mikopo, dhamana na kuuza hisa. Wenye kampuni huogopa kifungu hiki sana. Nakisisitiza kwa sababu ndicho kinachoilazimisha Nairobi kujibu.

Asichoruhusiwa kabisa. Kukopa kwa jina la kampuni, kutoa dhamana, kumpa msambazaji eneo la peke yake bila bodi, kulipa chochote kisicho na risiti.

Saini ya benki. Wawe wawili, yeye na mmoja wenu Nairobi, kwa malipo makubwa kupitia mtandao. Yeye peke yake kwa malipo yaliyo chini ya kiwango. Usimfanye mtia saini wa pekee, na usimwache bila saini.

Hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili wa kule, yenye tarehe ya kwisha. Isiyo na tarehe itaendelea kutembea mtaani baada ya mwenyewe kurudi kwake.

Laini ya simu na barua pepe za kampuni. Hili ni dogo lakini limewaumiza wengi. Wateja wote watakuwa kwenye WhatsApp ya meneja. Laini isajiliwe kwa jina la kampuni, na simu iwe ya kampuni. Siku ya kuondoka anaacha simu mezani pamoja na wateja wake wote ndani. Taarifa za wateja zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya, na Tanzania ina yake ya 2022.

Kisha jifunge mwenyewe. Baada ya kutia saini, usiwapigie wafanyakazi wa Dar moja kwa moja kuwapa maagizo. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na wafanyakazi watajua haraka fahali wa kweli ni yupi. Tangu siku hiyo meneja wako ni mtalii anayelipwa kwa siku.

Utajua hatua imekamilika ukimpa tatizo la kubuni, kwa mfano "lori limekwama Namanga, ni Ijumaa saa kumi jioni," na akakuonyesha kwenye hati ni nani anayetia saini na kwa pesa zipi.

## Hatua ya 6: Vibali, usajili na ushuru kabla ya kufungua mlango

Mkenya huingia Tanzania bila viza. Hiyo si ruhusa ya kufanya kazi. Sheria ya Tanzania ya 2015 kuhusu ajira ya wasio raia inataka kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, na juu yake kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Ni ofisi mbili na vibali viwili. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji kazi hiyo. Ukiwa umeandika hatua ya 1 vizuri, mpango huo tayari unao; ambatanisha tu.

Kumtuma meneja "akatembee tu, aende na kurudi" bila kibali ni kamari mbaya. Akikamatwa, si yeye tu atakayeumia. Jina la kampuni yako litakuwa limeandikwa Uhamiaji kabla hujauza katoni ya kwanza.

Uliza pia biashara yenyewe inaruhusiwa kwa nani. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo uuzaji wa bidhaa kwa jumla na rejareja ukiacha supamaketi, uwakala wa pesa kwa simu, ukarabati wa simu na kuongoza watalii. Ndiyo maana karatasi yetu ya makabidhiano ilitaja wasambazaji raia. Wakili wa kule akuchoree mstari: kipi kampuni yako inaweza kufanya yenyewe, kipi lazima kifanywe na msambazaji.

Kwa sabuni na mafuta ya kujipaka, usajili wa bidhaa na majengo uko TBS tangu 2019. Peleka sampuli mapema. Lebo zisichapishwe kwa wingi kabla ya usajili kutoka, maana kosa dogo kwenye lebo huzaa maelfu ya makopo yasiyouzika.

Kuna mtego wa ushuru ambao hauonekani. Meneja akitia saini mikataba Dar kwa jina la kampuni ya Nairobi, TRA inaweza kusema kampuni ya Nairobi yenyewe inafanya biashara Tanzania na faida yake ilipiwe kodi huko. Sajili kampuni ya kule kwanza, na saini zote za Dar ziwe kwa jina lake. Kabla ya hapo meneja aongee na watu lakini asifunge mkataba. Hesabu pia siku zake: Kenya na Tanzania zote hutumia kipimo cha siku 183 katika kumtambua mkaazi wa kikodi. Awe na daftari la tarehe za kuvuka mpaka.

VAT nayo ina kiwango tofauti. Hapa ni asilimia 16. Tanzania, Uganda na Rwanda kiwango cha kawaida ni 18. Orodha ya bei iliyonakiliwa kutoka Nairobi itakula faida yako polepole. Na kila nchi ina mfumo wake wa risiti: hapa eTIMS, Tanzania mashine ya EFD, Uganda EFRIS. Mhasibu wa kule aiweke kabla ya mauzo ya kwanza.

## Hatua ya 7: Siku 30 za kwanza

Wiki ya kwanza meneja aishi Nairobi, kiwandani. Aone sabuni ikipikwa, aketi na mhasibu, aulize kwa nini mteja fulani aliacha kununua. Wengi huiruka ili kuokoa ada ya siku tano, kisha anaenda kuuza kitu asichokijua.

Wiki ya pili na ya tatu atembee sokoni bila kuuza. Wiki ya nne alete ukurasa mmoja: alichokiona, kilicho tofauti na mlichodhani, na mstari gani wa hati ya makabidhiano ubadilishwe. Huu ndio wakati wa pekee wa kuibadilisha kirahisi.

Kuanzia hapo, kila Ijumaa ukurasa mmoja wenye mambo manne: kilichofanyika, kilichokwama, pesa zilizotumika, na uamuzi anaoungoja kutoka Nairobi. Kikao cha simu cha nusu saa Jumatatu. Basi. Ripoti ndefu huficha.

## Hatua ya 8: Naibu mwenyeji aajiriwe kufikia mwezi wa pili

Kumwajiri mrithi mwezi wa mwisho ni sawa na kutomwajiri. Naibu anahitaji kuwepo wakati wasambazaji wanapokubaliana bei, ili wamjue tangu siku ya kwanza. Mwache meneja achuje, lakini uamuzi wa mwisho uwe wako, kwa sababu huyu ndiye utakayebaki naye.

Mgawanyo wa kazi ubadilike kwa macho ya kila mtu: mwezi wa pili na wa tatu naibu anaandamana, mwezi wa nne anaongoza vikao naye meneja anakaa pembeni, mwezi wa tano anaandika ripoti ya Ijumaa, mwezi wa sita meneja haji ofisini isipokuwa akiitwa. Ikifika mwezi wa tano na meneja bado ndiye anayepigiwa simu na kila msambazaji, simamisha kila kitu mlirekebishe hilo. Wakati mwingine naibu ni dhaifu. Mara nyingi zaidi ni kwamba meneja hataki kuachia, na hilo huzungumzwa uso kwa uso, kwa heshima, mapema.

## Hatua ya 9: Makabidhiano

Tenga wiki mbili kamili. Meneja na naibu wawatembelee wasambazaji wote pamoja, ana kwa ana, na meneja aseme kwa kinywa chake mbele yao: "Kuanzia tarehe fulani mkuu hapa ni huyu." Mteja anayeaga na kukaribishwa kwenye kikao kimoja hahami kirahisi.

Kisha yakabidhiwe kwa kutiwa saini: simu na laini, nywila zote, mikataba halisi, orodha ya wanaodaiwa mali kauli na tarehe zao, vyeti vya TBS na siku vitakapokwisha, mhuri. Benki iarifiwe siku hiyo hiyo kuondoa saini yake, na wakili afute hati ya uwakilishi.

Siku 30 baadaye mwenye kampuni apande ndege kwenda Dar bila kumwarifu mtu zaidi ya naibu. Aingie Kariakoo kwa msambazaji wa kwanza, asalimie, aulize mzigo unafika vipi na akikwama humpigia nani. Likitajwa jina la naibu bila kusita, na deni la mali kauli la mwezi uliopita likiwa limelipwa, rudi hotelini umlipe meneja zile shilingi 702,000 jioni hiyo hiyo.